Hata Mchumba Wake Kasema

Mlinzi alimkaba fundi shingoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshindilia kwenye kaunta mpaka kioo kikalia. Foleni ya watu zaidi ya hamsini ndani ya ofisi ya usajili ikarudi nyuma kwa pamoja, mama mmoja akamkumbatia mtoto wake kichwani.

"Nimesimama hapa tangu saa moja!" fundi alifoka, mishipa imemtutumka. "Saa nne ndiyo mnaniambia fomu hakuna?"

"Fomu ipo," karani alijibu nyuma ya kioo bila kuinua macho. "Ipo mtandaoni. Tangazo limebandikwa mlangoni. Karatasi hatupokei tena."

"Mtandaoni ndiyo wapi? Nielekezeni basi niende!"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko hicho kilimuuma kuliko ule mkono shingoni. Fundi akajipapatua, akakunja ngumi, akapima pua ya mlinzi. Hapo akahisi mtu amemshika mkono wa ovaroli.

"Kaka, ukimpiga huyu utalala ndani, na fomu itabaki mtandaoni vilevile."

Akageuka. Msichana mwembamba alisimama nyuma yake, gauni la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni, skafu ya manjano, miwani imemteleza hadi ncha ya pua. Kifuani amekumbatia rundo la bahasha.

"Wewe ni nani?"

"Mkutubi wa maktaba ile ya nyuma ya soko. Tuna kompyuta kumi na mtandao wa bure. Njoo kesho tujaze hiyo fomu yako."

"Mimi na kompyuta? Dada, mimi nachoma vyuma."

"Sikukuuliza unachoma nini. Nimekwambia njoo kesho."

Mlinzi, ambaye alikuwa bado amejiandaa kupigana, alijikuta hana wa kupigana naye.

Mtaani fundi huyo aliitwa Cheche, kwa kazi yake na kwa hasira zake. Alikuwa na miaka thelathini na moja, macho mekundu ya moto wa kuchomelea, ovaroli ya buluu yenye matundu kifuani. Alifanya kazi katika karakana ya mjomba wake, na alitaka kuisajili ili nayo iombe kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Kesho yake alikwenda maktaba, akijiambia kwamba ni kwa ajili ya fomu tu.

Maktaba yenyewe ilikuwa ghala la zamani lililopakwa chokaa. Mkutubi alikuwa ameziomba zile kompyuta kwa miaka minne, barua kwa barua, mlango kwa mlango. Shule mbili za jirani hazikuwa na hata moja, hivyo wanafunzi walikuja kwa zamu. Wazee walikuja kufuatilia pensheni zao, na washonaji walikuja kutafuta mishono. Kila mtu alipewa saa moja, na mkutubi akapita nyuma ya viti akisahihisha kwa sauti ya chini.

"Taratibu," alimwambia Cheche, aliyekuwa anabonyeza vitufe kama anapigilia misumari. "Hiyo siyo nondo."

"Nondo ina afadhali. Nondo ukiipiga inakubali."

"Na wewe ukipigwa unakubali?"

"Inategemea anayenipiga."

Mkutubi akasukuma miwani juu ya pua, akahamia kiti cha pili kuficha tabasamu.

Fomu ilijazwa siku ya kwanza. Lakini Cheche alirudi siku ya pili, na ya tatu, na akaendelea kurudi mpaka wanafunzi wakaanza kumwachia kiti. Wezi walipovunja dirisha la maktaba, mkutubi alimpigia simu yeye kabla ya polisi.

"Wamechukua nini?" Cheche aliuliza.

"Hawakufika ndani. Wameacha jiwe tu na damu kwenye kioo."

"Usiguse kitu. Nakuja."

Alichomelea grili kila dirisha, nondo nene kama kidole gumba, na lango la chuma mlangoni. Alipomaliza akaning'inia kwenye lango kwa uzito wake wote.

"Hapiti mtu hapa, laazizi. Labda awe moshi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mkutubi alijifanya hakusikia, lakini jioni simu yake ikalia.

"Umekula?" Cheche aliuliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula moshi wa vyuma mchana kutwa."

"Umeniita nani leo?"

"Nani? Mimi?"

"Rudia, Cheche, kabla sijakata simu."

Akarudia. Miezi minane baadaye, mtaa mzima ulijua kwamba Cheche ni mchumba wa mkutubi.

Yaliyotokea baadaye yalianza Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwa sauti ya mwanamke analia ndani ya simu.

Fundi mwenzake ndiye aliyemtumia Cheche sauti hiyo. Mwanamke yule alisema kwa kwikwi kwamba kompyuta za maktaba zinachukua sura za watoto, kwamba sura hizo zinatumwa kwa watekaji, kwamba mtaa wa pili watoto watatu wameshapotea. "Wazazi amkeni!" alilia. "Mkutubi wenu ameuza watoto wenu!"

Cheche alicheka kwanza. Kisha akakumbuka kwamba wiki iliyopita mkutubi aliwapanga watoto mbele ya kamera ya kompyuta, akawapiga picha mmoja mmoja, na mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake, alikuwemo. Hakuwahi kumuuliza zile picha ni za nini. Akampigia mkutubi; simu ikaita mpaka ikakatika. Saa za masomo mkutubi alifungia simu yake kwenye mtoto wa meza, na Cheche alilijua hilo. Kutoka karakana hadi maktaba ni mwendo wa dakika kumi.

Hakwenda. Alimtumia dada yake ile sauti, akaongeza maneno: "Dada, sikiliza hii. Mtoto asiende maktaba leo mpaka nimuulize mwenyewe."

Dada alikuwa anafua, na mtoto alikuwa ameshaondoka. Kwa mikono yenye povu aliirusha ile sauti kwenye kundi la wazazi, wazazi zaidi ya mia mbili, akaandika chini yake: "Jamani watoto wetu! Hata mchumba wake kasema."

Maneno hayo manne ndiyo yaliyofanya kazi. Waliokuwa wanasita wakaacha kusita.

Jiwe la kwanza lilimkuta mkutubi akiwafundisha watoto ishirini na watatu namna ya kutafuta ramani. Lilipita katikati ya nondo, likavunja kioo, likatua juu ya vitufe vya kompyuta. Alipochungulia nje aliona watu wamejaa barabara nzima, wengine anawafahamu kwa nyuso na kwa watoto wao. Mbele yao alikuwa Bonge, dereva wa lori la mchanga, mtu asiyekuwa na mtoto hata mmoja.

"Tutolee watoto, mchawi wewe!"

"Watoto wako salama! Subirini nifungue, mmoja mmoja—"

Tofali likamkatisha. Wanaume wawili walirukia lango wakilitikisa, panga likapenyezwa katikati ya vyuma likimtafuta. Mkutubi alirudi nyuma, akabana kofuli, akawakusanya watoto chini ya meza za nyuma.

"Lalieni matumbo! Shikaneni mikono!"

Mtu mwenye akili zake angesubiri. Lakini Bonge alishanyonya petroli kwenye pikipiki ya mtu, akajaza chupa, akaimwaga chini ya lango. Njiti moja ilitosha. Pazia likashika, kisha rafu ya magazeti, kisha dari la mbao. Wazazi waliokuja kuwaokoa watoto wao wakasikia watoto wao wanakohoa ndani ya moto, na mayowe yakabadilika. Sasa waling'ang'ania lango wakitaka kulivunja, na lango likawachoma viganja.

Cheche aliuona moshi kutoka karakana. Hakuuliza. Alinyakua grenda ya kukatia chuma, akakimbia nayo begani, akapita kwa fundi cherehani wa jirani na maktaba.

"Umeme! Nipe umeme!"

Mshonaji akachomoa cherehani yake, akachomeka waya mrefu, wakauvuta wote wawili hadi ukuta wa nyuma. Dirishani, nyuma ya nondo, palikuwa na vidole vidogo vimeshikilia chuma.

"Ondoeni mikono! Laleni chini!"

Grenda ikalia. Nondo alizozichomea mwenyewe, nene kama kidole gumba, zilikatika kwa shida, moja, kisha nyingine. Jiwe lilimpiga mgongoni, hakugeuka. Jingine likampasua kisogo. Waliorusha hawakujua hata anafanya nini, walirusha tu. Alipokata nondo ya tatu aliipinda kwa mikono mitupu, ngozi ikabaki kwenye chuma.

Mtoto wa kwanza akatoka. Wa pili. Mshonaji aliwapokea, na dada yake Cheche, kanga imemvuka, alikuwa pale akipokea na kuhesabu kwa kulia. Wa kumi na tisa alikuwa binti yake. Wa ishirini na tatu alitoka amezimia, lakini anapumua.

"Toka sasa!" Cheche alimwamrisha mkutubi. "Toka, roho yangu, dari linaanguka!"

Alitoka kichwa mbele, gauni limeungua upande mmoja. Alikuwa ameweka miguu chini tu pale Bonge alipozunguka kona na bomba la chuma. Pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kushoto alioinua kujikinga. La pili lilimpata sikioni. Akaanguka bila sauti.

Grenda ilikuwa bado inazunguka. Cheche alimbana Bonge ukutani kwa goti, akaiinua, akalileta jiwe lake la kukatia usoni mwa Bonge taratibu, upana wa kiganja, kisha vidole vitatu. Bonge alijikojolea. Hakuna aliyesogea kuzuia.

"Zima!"

Sauti ilitoka chini. Mkutubi alikuwa ameinua kichwa, damu inamchuruzika kutoka sikioni hadi kwenye kola.

"Zima, Cheche! Watoto wanaangalia!"

Akazima. Kisha akaiweka chini, akampiga Bonge ngumi mbili za taya kwa mkono uliochubuka, mpaka watu wakamvuta.

Siku tatu baadaye, wodini, Cheche alikuta mlangoni pa chumba mama mzazi wa mkutubi, nesi mstaafu, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Mama hakumsalimia. Alimpisha tu. Mkutubi aliketi kitandani, mkono kwenye plasta, kichwa kimefungwa bandeji. Alikuwa na simu ya mama yake mapajani.

"Kaa upande huu," alisema. "Huko sisikii. Daktari amesema sitasikia tena."

Cheche akazunguka kitanda. Akataka kumshika, mkutubi akauvuta mkono.

"Nimetumiwa maneno ya kundi la wazazi," alisema. "'Hata mchumba wake kasema.' Ulisema?"

"Nilimtumia dada peke yake. Nilitaka tu mtoto—"

"Sijauliza ulimtumia nani. Imetoka kwako?"

Cheche alikuwa na njia kumi za kukwepa, na zote zilimpitia kichwani.

"Ndiyo."

"Uliamini?"

"Niliogopa."

"Zilikuwa picha za kadi za maktaba, Cheche! Kadi! Mtoto aazime kitabu aende nacho nyumbani. Ulikuwa unapita pale kila siku, ukashindwa kuniuliza?"

"Nilikupigia, hukupokea."

Mkutubi alinyakua kibakuli cha chuma cha dawa kwa mkono mzima, akamrushia. Kilimpasua juu ya nyusi. Damu ikamwingia jichoni, na yeye hakuinua mkono kuifuta.

"Wao niliwajua sura tu," mkutubi alisema, sasa analia. "Wewe nilikujua. Toka."

Akatoka. Mama alimpa kipande cha pamba mlangoni, akafunga mlango.

Kwa mwezi mzima Cheche alipiga simu isiyopokelewa. Ilipokelewa mara moja tu.

"Nimebaki na sikio moja," mkutubi alisema. "Usilichoshe." Akakata.

Dada yake alipomfuata karakana kuomba msamaha, Cheche alikuwa na nyundo mkononi. Aliipiga kwenye meza ya chuma kwa nguvu hadi mpini ukavunjika.

"Nilikwambia uandike kwamba nimesema? Nilikwambia?"

"Nipige, mdogo wangu," dada alisema, hakurudi nyuma hata hatua. "Kila nikifumba macho nayaona yale macho ya mwanangu dirishani. Nipige, labda nitalala. Lakini mimi sikuitoa hewani ile sauti. Ulinitumia wewe."

Cheche aliutazama mpini uliovunjika. Akaketi sakafuni, na dada yake akaketi karibu naye, wakalia kama walivyolia siku walipomzika mama yao.

Wiki hiyo mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliitisha mkutano wa wazazi. Kompyuta sita zilinusurika. Swali lilikuwa kama shule iwape chumba zianze tena, au zirudishwe zilikotoka. Polisi walikuwa wamemwachia Bonge kwa dhamana, kwani kati ya watu wote waliokuwa barabarani siku ile, hakuna aliyekiri kuona kitu. Aliketi mstari wa mbele na wenzake wanne, taya limepinda.

"Mimi nasema zirudishwe," baba mmoja alisema. "Panapofuka moshi... nyie wenyewe mnajua. Picha zilipigwa, hilo halina ubishi."

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Ndipo Cheche aliposimama.

"Mnanijua," alianza. "Mimi ndiye yule mchumba wake. Mliambiwa nimesema. Sikuwa najua lolote. Nilisikia mwanamke analia kwenye simu, nikaogopa, nikatuma. Kwa mkutubi ni dakika kumi kwa miguu, na sikwenda kumuuliza. Nyie mlichoma jengo. Mimi ndiye niliyewapa ruhusa."

Akatoa mfukoni kadi ya mpwa wake iliyookotwa kwenye majivu, pembe imeungua, yenye picha ya msichana anayecheka pengo, jina lake na darasa lake.

"Hii ndiyo picha yenyewe. Ni ya kuazimia vitabu. Na huyo mwanamke anayelia, nimemtafuta simu kwa simu mwezi mzima. Kila niliyemuuliza ametumiwa na mwingine. Mmoja ameitunza sauti hiyo kwenye simu yake miaka mitatu, ilipotumwa mara ya kwanza ilitaja hospitali, siyo maktaba. Mtu ameikata akaiunga upya. Hakuna mtoto aliyepotea mtaa wa pili. Nimekwenda huko, nimegonga milango."

Kadi ikapita mkono kwa mkono.

"Na aliyemwaga petroli," Cheche aliendelea, "ni yule pale. Nilimwona na bomba, na ninyi mlimwona na chupa. Kesho naenda polisi kuandikisha. Anayetaka kuja, twende."

Bonge hakungoja kesho. Aliruka viti viwili, akamkumba Cheche kifuani, wakaanguka pamoja. Wenzake wakamzunguka. Mguu wa kiti ulivunjwa ukawa rungu. Cheche alisikia mbavu zake zikilia, akajikunja akikinga kichwa, akahesabu mateke mpaka hesabu ikampotea.

Safari hii wazazi hawakubaki kutazama. Wa kwanza alikuwa dada yake, aliyevua kiatu akamtwanga mmoja wao kisogoni. Akafuata mshonaji. Akafuata yule baba aliyetaka kompyuta zirudishwe. Viti vikaruka, vioo vikamwagika, na polisi walipofika walimkuta Bonge amekaliwa na wanawake saba, anaomba apelekwe mahabusu upesi.

Cheche alifumbua jicho moja. Gauni la kijani lilikuwa limepiga magoti kando yake.

"Umekuja?" aliuliza, mdomo umejaa damu.

"Nimekuja mkutanoni," mkutubi alisema. "Sijaja kwako."

"Ulisikia?"

"Nilisimama mlangoni. Nimesikia yote, kwa sikio moja." Akakunja skafu yake, akamwekea chini ya kichwa. "Ungekufa, mjinga wewe."

"Ungefurahi."

"Nyamaza, unatoka damu."

Watu kumi na wanane walikwenda polisi kesho yake. Bonge alifungwa miaka saba, na wenzake wawili miaka mitatu mitatu. Shule ilitoa chumba, na kompyuta sita zikawekwa humo, na Cheche akatengeneza grili zinazofunguka kwa ndani, ufunguo umening'inizwa mahali mtoto anafikia. Mchana walikuja wanafunzi. Alasiri walikuja wazazi, na jambo la kwanza mkutubi alilowafundisha ni namna ya kujua habari imetoka wapi kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Wapo waliotazama chini somo zima.

Mkutubi na Cheche walizungumza tena, mwanzoni kuhusu nondo na rangi tu. Baadaye kuhusu mengine. Kuna siku walicheka, na kuna siku mkutubi aligeuka ghafla akaondoka katikati ya sentensi, na Cheche akajifunza kutomfuata.

Mwaka ulipokaribia kwisha, siku ya Jumapili mchana, Cheche alibisha hodi kwa mama yake mkutubi. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka likakatika mikunjo. Mama alimfungulia, akasimama mlangoni vilevile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kumposa binti yako. Nilipaswa kuja na mjomba. Lakini kosa nilifanya peke yangu, nikaona nije peke yangu kwanza."

Mama alilitazama kovu lililokuwa juu ya nyusi yake. "Nilimfunga yule mtoto bandeji siku arobaini," alisema. "Kila siku nilikulaani."

"Najua, mama."

"Hujui. Usiseme unajua." Kisha akageuza kichwa ndani. "Kuna mtu hapa anakutafuta. Jibu mwenyewe, mimi sina la kusema."

Mkutubi alitoka jikoni akijifuta mikono, miwani puani. Alimtazama Cheche kwa muda mrefu, kuanzia viatu vilivyong'arishwa hadi kola iliyombana.

"Nimesikia," alisema.

"Basi?"

"Ndiyo, nakubali. Lakini hasira bado ninazo, Cheche. Nyingi. Kuna asubuhi naamka nazo."

"Njoo nazo," alisema Cheche. "Njoo nazo hivyohivyo."

Mama alirudi jikoni akagongagonga sufuria kwa kishindo. Kisha akauliza kwa ukali, "Huyo mgeni anakula pilipili?"